Ukuta Kati ya Visima Viwili

Sogezeni viti karibu, wanangu, nisilazimike kuinua sauti, maana yenyewe imebaki ya kupima kwa kijiko. Sylvain, baba yangu, kaa hapa upande wa dirisha. Daniella, mama yangu, wewe kaa miguuni, unikande nyayo wakati nasema. Padre amekuja, amenipaka mafuta, ameondoka, na moyo wangu umetulia. Miaka sabini na minane si haba. Yaliyobaki ni maneno ya nyumba hii, na ninayasema mimi mwenyewe, Régine Mapalo, kinywa changu kikiwa bado kinanitii, ili kesho asitokee mtu wa kudai kwamba mama alitaka hivi au vile.

Vitu ni vichache, visiwagombanishe. Nyumba ni yenu wawili, na atakayechoka na sehemu yake amwachie mwenziwe, asimlete mgeni. Cherehani ni ya Daniella. Baiskeli ya baba yenu aichukue Sylvain. Sasa haina tairi, lakini alitoka nayo hapa Katuba kila asubuhi kwenda karakana ya reli, na hakuchelewa hata siku moja. Vitenge vyangu gawieni wanawake wa jumuiya. Hayo yamekwisha. Lililonifanya niwaite ni kisima, pamoja na ukuta ulio kando yake.

Kisima kile baba yenu Faustin alikichimba kwa mikono yake, kila jioni akitoka kazini, wewe Sylvain ukiwa bado tumboni. Alipoyafikia maji alinipa kamba yenye mafundo, kila fundo urefu wa mkono, akaniambia, "Régine, usitazame maji kwa macho, macho inadanganya. Pima." Nikapima kila Jumamosi, zaidi ya miaka arobaini, na maji hayakuwahi kushuka chini ya fundo la tisa.

Ndipo ukaja ule mwaka wa ukame. Mvua ilikatika Januari, mahindi ya watu yakakauka kabla hayajatoa ndevu. Robine ya barabarani, bomba letu sote, ilikohoa wiki mbili, kisha ikanyamaza. Oktoba ikapita, Novemba ikaingia, na mbingu bado nyeupe kwa vumbi. Kamba ikanionyesha fundo la kumi na moja, halafu la kumi na tatu. Nikaweka sheria: kila nyumba ya avenii yetu, mtaa huu mzima, ichote bido mbili, madumu mawili, alfajiri, kisha kisima kifunikwe, kipumzike hadi kesho yake. Hapa ndani, maji ya kusuuzia mboga yaliosha masufuria, na yaliyoosha masufuria yakaenda kwenye migomba. Mlinicheka, mkaniita mhandisi. Nikawaacha mcheke. Akiba haiozi.

Sylvain, usiinamishe kichwa. Sikwambii haya ili kukuaibisha. Jumapili ile nilikuwa kwenye Misa, nikarudi nikaikuta motopompe, mashine ile ya kuvuta maji, inanguruma uani, na lile pipa kubwa limejaa juu ya kamyoneti, maji ya kukandia matofali ya nyumba yako kule Luano. Ukasema, "Mama, ni mara moja tu." Kumbe mara moja ilitosha. Jioni ndoo ilileta tope, kesho yake ikaleta mchanga, na kuta za ndani zikaanza kumomonyoka. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, na wewe ulilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nilikuona umekaa ukingoni bila kula siku nzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nitakalolisema hata baba yenu hakulijua, alikuwa ameshatangulia. Mnakumbuka kwamba miaka kumi na mmoja sikusalimiana na jirani yetu, Mama Benita. Hata kanisani, yeye akitumia mlango wa kulia, mimi nilitumia wa kushoto. Miaka yote mmeamini kwamba mumewe alitaka kutunyang'anya kiwanja, na kwamba mimi mjane nilikitetea. Si kweli. Jiwe la mpaka nililisogeza mimi. Wao walikuwa wamekwenda Likasi kwenye kilio, nami nikachukua mtaimbo, nikalisukuma hatua moja nzima upande wao, nikajenga ukuta. Mumewe alipolalamika, nikaapa mbele ya wazee wa avenii kwamba halikuguswa. Nilitaka nafasi ya jiko la nje. Hatua moja, wanangu, kwa ajili ya jiko ambalo hadi leo linavuja.

Basi kisima chetu kilipokufa, avenii nzima ilibaki na kisima kimoja chenye maji, nacho kilikuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Daniella, wewe ulikuwa na siku tisa tangu umzae Abigaïl. Siku ya tatu bila kisima hakukuwa na maji hata ya kumwogesha mtoto. Nikasema sitamtuma mtu. Nikachukua bido moja, nikaenda kusimama langoni kwa Mama Benita.

Akatoka. "Mama Sylvain, ni wewe?"

"Ni mimi. Kisima yetu imekufa. Niko na mutoto mudogo mu nyumba."

Akaitazama bido, akanitazama mimi. "Bido moja tu, na mutoto iko mu nyumba? Itakufikisha wapi? Ingia. Binti yangu Benita atakuya kukusaidia kubeba zingine."

Neno la ukuta hakulitaja. Angenitukana ningepata nafuu. Tukaenda kisimani, akaanza kuvuta kamba, mzee mwenzangu yule, nami sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, "Mama Benita, ile jiwe nilisogeza mimi."

Hakuacha kuvuta. "Najua," akasema. "Tulitoka Likasi, nikaona majani ya chini ya jiwe ingali mabichi. Shika kamba na wewe, mikono yangu inachoka."

Miaka kumi na mmoja alijua, na baada ya kiapo changu kile hakunitangaza kwa mtu. Nililia pale huku navuta kamba, naye akaniacha nilie, akajaza bido.

Baada ya siku ile tulitoboa ukuta, tukaweka mlango. Sylvain, ulishuka mwenyewe shimoni, ukatoa mchanga, ukajenga kuta za ndani kwa matofali yale yale ya nyumba yako. Siku uliyopanda ukiwa na tope hadi masikioni nilikusamehe kabisa, ila nilisahau kukwambia. Visima vikapewa zamu: chao Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, chetu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na Jumapili vyote vinalala. Mvua ilirudi katikati ya Desemba. Hakuna nyumba ya avenii hii iliyokosa maji ya kunywa. Na mimi nikapata rafiki wa kumenya naye karanga kila jioni. Ninaondoka nimeshiba, wanangu.

Basi fanyeni hivi. Ukuta uvunjwe wote kabla ya siku arobaini, mpaka urudi hatua moja, na karatasi iandikwe komini, kwenye ofisi ya serikali, Mama Benita na ninyi mtie sahihi. Jiko lianguke, msilisikitikie. Motopompe isiingie tena katika kisima kile, hata akija kuiomba askofu. Kamba ya mafundo naiacha kwa Daniella. Pima kila Jumamosi. Mapipa yakae chini ya bati tangu Septemba, mvua ya kwanza isiwakute mmelala.

Na kilio changu... watu watakuja wengi, watataka kunywa, watataka kunawa. Msichote nje ya zamu kwa sababu yangu. Kuniosha, beseni moja inatosha. Nikifa siku ya kisima chetu kulala, pitieni mlangoni, mkamwombe Mama Benita. Hatakataa.

Pumzi inakatika... ngojeni kidogo.

Leteni vichwa vyenu hapa, chini ya mkono wangu. Mungu aliyenipa ninyi awalinde. Msikose mvua kwa wakati wake, wala jirani wa kumbishia hodi. Mtakachopanda kiote. Mtakayemkosea, awahi kuwasamehe... nanyi muwahi kumwambia kosa lenu. Sylvain... nyumba yako Luano, imalize. Abigaïl mwambieni bibi alimwogesha... kwa maji ya kuomba, na hakuona aibu.

Daniella, inua mto kidogo. Kidogo tena.

Hapo. Inatosha.