Bi Mashaka, Mlinzi wa Mwongozo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti, lakini msiniamini upesi. Leo namkumbuka mama ambaye hakumwamini mtu upesi. Majirani walimwita Bi Mashaka, naye aliitika bila kinyongo.

Kazi yake ilikuwa moja. Alilinda mwongozo wa programu huria, programu isiyouzwa, ambayo zahanati nyingi hutunzia kumbukumbu za wagonjwa. Aliyeona kosa kwenye mwongozo alimwandikia ripoti. Mwenye marekebisho alimtumia. Nasisitiza: hakupitisha hata nukta bila kujaribu mwenyewe. Aliwasha kompyuta yake kuukuu ya majaribio, akafuata kila hatua kama mtu asiyejua kitu.

Alikosea mara moja. Muuguzi mmoja aliandika mstari mmoja tu, kwamba hatua ya saba inafuta wagonjwa. Hakueleza zaidi. Bi Mashaka akamshuku kuwa mchokozi, akaifunga ripoti. Wiki tatu zahanati ziliendelea kuifuata hatua ile, na kumbukumbu za chanjo za watoto mia mbili zikapotea. Alipojua, aliandika kosa lake juu ya ukurasa wa kwanza, na jina lake chini.

Tangu hapo, kila aliyetaka kumsaidia alipewa ukurasa wenye hatua moja ya uongo, aujaribu. Aliyejibu kwamba uko sawa, basi hakuujaribu.

Sasa sikilizeni. Siku ya tatu baada ya mazishi ya Bi Mashaka, bwana mmoja akamtumia binti wa marehemu barua pepe. Tumwite Bwana Sifa, maana miaka miwili barua zake zote zilianza kwa kumsifu marehemu. Alitaka funguo za mwongozo, yaani nywila za kuuhariri. Machale yakanicheza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Binti naye hakupenda, kwa sababu mwenye funguo huandika atakalo, na wauguzi hulifuata.

Binti akawatumia ukurasa wa mtego watu wawili: Bwana Sifa na yule muuguzi wa hatua ya saba. Bwana Sifa alijibu kabla chai ya binti haijapoa. Eti ameujaribu wote, ni safi kabisa. Muuguzi aliujaribu siku mbili, kisha akaandika: "Hatua ya tano imenifungia mashine. Nani ameandika upuuzi huu?"

Funguo akapewa muuguzi. Barua yake ya kwanza binti amenisomea kwa simu: "Dada, pole sana kwa msiba. Nimeanza ukurasa wa kwanza. Namheshimu mama, lakini hata kurasa zake nitazijaribu zote."

"Msiba mzima sikulia," binti ameniambia. "Hapo ndipo nilipolia."

Kwa binti na jamaa wote, poleni sana. Mama yenu apumzike, kazi imepata mtu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni jambo gani tumesema liko sawa bila kulijaribu? Mimi langu nimeshalikumbuka, na halinipendezi.