Risasi za Pole za Arvo Niskasaari

Mchungaji, majirani, na nyote mliokanyaga theluji kuja kumsindikiza mwenzetu, mimi ni Reino Haapala, kaka wa mjane, na nimesimama hapa si kwa kuwa nastahili, bali kwa kuwa dada yangu Lempi aliniambia juzi jikoni kwake, "Historia utaisoma wewe, kaka, na mwaka wa themanini na saba usiuruke."

Marehemu Arvo Niskasaari alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, shambani kwa wazazi wake nje kidogo ya Toivola, Michigan, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na alizaliwa ndani ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kama wengi wa rika lake. Alisoma shule ya hapo hapo kijijini hadi mwaka 1955, kisha akaendelea Painesdale na kumaliza Juni 1959, mzuri wa hesabu na mgumu wa maneno, na mliosoma naye mnakumbuka kwamba mwalimu akimuuliza swali aliinuka akaandika jibu ubaoni, akarudi kukaa. Mwaka 1961 aliajiriwa katika mgodi wa shaba, akafanya kazi chini ya ardhi kwa miaka thelathini na minne, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1995.

Tarehe 22 Juni 1968 alifunga ndoa na Lempi katika kanisa hili, wakajaliwa mabinti wawili, Marlene mwaka 1970 na Carol mwaka 1973, ambao wote wapo hapa. Dada yangu aliingia katika ndoa hiyo na bunduki ya marehemu baba yetu, bunduki ya kikale ya komeo, ya risasi ya milimita saba, pamoja na bega moja bovu, kwani utotoni alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa nyasi, na kila alipofyatua risasi za dukani teke la bunduki lilimtoa machozi. Arvo hakumwambia abaki nyumbani apike wakati wa kuwinda, kama tulivyowaambia wake zetu sisi wengine. Alinunua mashine ndogo ya kushindilia risasi, akaifunga mezani ghalani, akawa anamtengenezea mkewe risasi za pole, zenye baruti kidogo sana, naye akampa sharti moja tu, asimpige kulungu aliye mbali zaidi ya hatua themanini. Kwenye kambi yetu ya uwindaji tuliziita risasi za uji, na aliyezibatiza jina hilo ni mimi, nikamuuliza mbele ya watu, "Shemeji, huyo kulungu atakufa kwa risasi au kwa kicheko?" naye akanijibu, "Kamuulize aliyeko kwenye sufuria." Kati ya mwaka 1972 na 1986 Lempi aliangusha kulungu kumi na watatu, wala hakuna hata mmoja aliyekimbia umbali wa kutoka hapa hadi lango la kanisa.

Sasa nimefika mwaka wa themanini na saba. Jumapili ya tarehe 8 Novemba, baada ya ibada, Arvo alikuwa mezani kwake, maganda hamsini ya risasi yamesimama kwenye ubao wenye matundu, na kama nusu yake ameshayatilia baruti. Ubaya wa risasi ya pole anaujua kila anayejitengenezea, baruti yake ni kidogo kiasi kwamba ganda hupokea kipimo cha pili, cha kupasua bunduki, bila kufurika, na usipochungulia kwa tochi huoni kama limetiwa mara mbili. Nikaingia mimi. Gari langu lilikuwa mtaroni, nami nilikuwa nimelewa, nikamwambia, "Shemeji, achana na hivyo vikopo vyako, washa trekta kabla polisi hawajapita." Lempi alikuwa analeta kahawa na mkate wa iliki, na alisikia kila neno. Arvo akaweka chini kijiko cha kupimia, akahangaika na gari langu kwa saa mbili kwenye barafu, akarudi vidole vimekufa ganzi, akaendelea pale alipodhani ameishia, na siku hiyo moja hakuchungulia kwa tochi.

Jumapili iliyofuata, tarehe 15, asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, Lempi alimlenga dume hatua hamsini mbele yake, na bunduki ya baba yetu ikapasuka mikononi mwake, ikamtoa jicho la kulia.

Pale hospitalini watu waliniuliza imekuwaje, nami, kwa mdomo huu huu, nikasema kwamba Arvo alikuwa akinywa huku anatengeneza risasi. Arvo alikuwa hajagusa pombe tangu siku ya harusi yake. Mlevi nilikuwa mimi. Mkaniamini kwa kuwa mimi ni msemaji na yeye si msemaji, na kambi, ambayo baba yake alishiriki kuijenga, ikapiga kura na kumtoa, kura sita, yangu ikiwemo. Lempi alitaka kusema ukweli, mumewe akamzuia, akamwambia, "Mkono uliotia baruti ni wangu. Reino ndiye kaka yako pekee, utamtoa wapi mwingine?"

Dada yangu alijifunza kulenga upya, kwa bega la kushoto na jicho lililobaki, akamwomba mumewe amtengenezee risasi tena, akamwomba mwaka 1989, akamwomba tena mwaka 1990, na mwaka 1993 alimnunulia baruti mwenyewe na kumwekea mezani, lakini Arvo alikuwa ameshaitupa mashine kwenye chuma chakavu, na ile baruti aliimwaga. Tangu hapo, kila tarehe 15 Novemba, walikaa jikoni wawili hao wakisikiliza bunduki zetu msituni, na Arvo alikaa daima mkono wa kulia wa mkewe, upande ambao Lempi hawezi kumwona.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2014, akategemea oksijeni kuanzia 2016, na tarehe 21 Oktoba mwaka huu wa 2018 akalazwa. Mimi nilikwenda kumwona tarehe 6 Novemba, maneno ya kumwomba radhi nimeyaandika kabisa kwenye karatasi, na karatasi iko mfukoni. Aliniuliza, "Barabara ikoje, shemeji?" nikamjibu, "Inateleza." Akasema, "Basi usikae sana, giza lisije likakukuta njiani." Nikaondoka, na Mungu anajua kwamba niliondoka nikiwa nimefarijika. Alifariki Ijumaa tarehe 9, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, Lempi na mabinti wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomwondolea theluji mlangoni miaka miwili bila kuombwa, na wenzake wa mgodini mliobeba jeneza. Wanakambi, nanyi tumeliona shada lenu, na utepe wake ulioandikwa kwamba mmemsamehe. Lempi anaomba mlichukue mnapotoka.

Arvo, pumzika kwa amani ambayo sisi hatukukupa. Mimi sikuombi msamaha leo, kwa kuwa najua ungenipa, na nilijua hivyo hata tarehe 6.