Kufuli la Nyumba ya Kati

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na wale mlioketi nyuma kwenye joto nanyi mseme asifiwe.

Mnanijua, Mama Neema wa Kitale. Mume wangu mwalimu alipofariki hapa Lamu, Bi Zena, mama wa Kiislamu wa mjini, alinipa nyumba yake ya mawe niiendeshe kwa wageni wa likizo, nami na wanangu tukae chumba cha darini. Nikaipanga: vitanda vyepesi vya kuhamishika, mapazia ya kugawanya kumbi. Wakija wawili, nafunua wapate nafasi. Wakija wengi, nashusha. Lakini chumba cha ndani kabisa, wanachokiita nyumba ya kati, nilikipiga kufuli. Niliambiwa humo ndimo maiti walimooshewa. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimetoka kuzika. Nilipita hapo mbio kama mtoto.

Kwa kukifunga hicho chumba kimoja, familia kubwa zikawa hazitoshei, zikaenda kwingine. Bi Zena akaniambia kwa upole kwamba nyumba isipojaa msimu huu, wanawe wataichukua. Sikuwa na pa kwenda.

Ndipo ikaja familia ya harusi kutoka Mombasa, pamoja na bibi yao asiyeweza kupanda ngazi. Nilihamisha vitanda nikachoka. Kila nilipomweka bibi ukumbini, alikuwa njiani mwa watu. Nikamwita Bi Zena. Akalitazama kufuli, akanitazama na mimi.

"Maiti huoshwa humu, ni kweli," akasema. "Na wana huzawa humu. Mimi nalizawa humu. Ni ndia, mwanangu: wayao huya, wendao hwenda. Waogopani?" Ndia ndiyo njia kwa Kiamu chao: wajao huja, waendao huenda.

Nikaomba palepale mlangoni, nikilia. Nikasema, Bwana, wewe ulilala kaburini ukatoka, tangulia. Nikafungua. Mlikuwa na ubaridi mzuri na vumbi, basi. Nikafagia, nikatandika. Yule bibi alilala hadi jua likapanda, akaniuliza mbona chumba kizuri hivi nilikificha.

Nyumba tunayo bado. Wageni wakizidi, nawaachia chumba chetu cha darini, mimi na wanangu tunalala nyumba ya kati. Na ninalala, ndugu zangu, mimi ambaye tangu nizike sikuujua usingizi. Namshukuru Mungu, na Bi Zena namwombea maisha marefu. Wewe unayeuogopa mlango wako, mwite Yesu atangulie, nawe umfuate nyuma. Lile kufuli sasa nafungia banda la kuku.