Sumaku ya Mzee

Basi lilipokata kona, sumaku ilimchomoka mzee mfukoni ikanasa kwenye chuma cha kiti. Muuguzi aliyekaa nyuma, mambo ya watu hayampiti, akatega sikio.

"Ya nini hiyo, mzee?" aliuliza dada wa pembeni.

"Nakwenda kununua gari la spoti la zamani. Bati lililooza likazibwa kwa puti na kupakwa rangi, sumaku haishiki."

"Ikishika kote?"

"Nitafunua zulia la sakafuni, nijue kama ndilo lile la nyumbani. Marehemu baba alikwaruza jina langu kwenye bati la chini yake kabla hajaliuza."

"Na jina lisipokuwepo?"

Mzee akakohoa bila kikohozi.

"Basi zulia usilifunue," dada alisema.

"Mwanangu, ninunue mbuzi kwenye gunia?"

Basi likasimama, mzee akashuka. Sumaku ilibaki imenasa. Muuguzi alifungua mdomo amwite, akawaza kwamba bila sumaku huenda mzee asipime chochote, akaufunga.