Kikapu cha Mama wa Mlimani

Pale Masimba, karibu na stegi ya matatu, kuna benchi mbele ya jiko la Shariff muuza kahawa, na wenye benchi hawakosi hata mvua ya mawe ikinyesha. Jioni hiyo mzee Ombui, ambaye kijiwe kilishambatiza Vietnam, alifika na kikapu kidogo cha mianzi mkononi.

Alikuwa ameizuru nchi hiyo na wenzake wa kikundi cha wakulima, kutazama mashamba ya mpunga yaliyokatwa ngazi ngazi mlimani. Habari za ngazi benchi ilishazikariri. Ya leo ilikuwa mpya. Alipoteleza topeni akateguka mguu, mama mmoja mzee wa kabila la Wahmong alimkalisha kando ya moto wake, akamkanda, akamlisha, na asubuhi akamfungia wali ndani ya kikapu hicho. Sasa Valentine, binti ya ndugu yake anayesoma Vietnam, alikuwa anarudi chuoni huko kesho. Na Ombui alilelewa kujua kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mama yake angefufuka amchape.

— Nitaweka nini? aliuliza. Huyo mama alinitunza kama mtoto wake.

— Ndizi, alisema Masese, aitwaye Kamusi kwa kujibu hata asichoulizwa.

— Zitaoza njiani.

— Basi wimbi, kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba. Ikifika huko itakuwa imejaa yenyewe.

Osoro, yaani Bunge, alipinga, kwa maana hajawahi kuunga mkono kitu.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulitoka kabla ya ya tatu. Peleka jembe.

— Jembe kwa kikapu ya wali?

— Toa mpini.

Kamusi akarukia ng'ombe: ndama apigwe picha, picha iende, ndama abaki hapa akizaa kwa jina la yule mama. Bunge akataka barabara ya Itumbe ipewe jina lake. Ombui hakucheka. Alipapasa msuko wa kile kikapu.

Ladan, mama muuza vitambaa kutoka Kisii mjini, alikuwa amesimama kungoja kahawa.

— Samahani mzee. Huyo mama alikuazima hii, ama alikupa?

Ombui mwenyewe hakujua. Hawakuwa na lugha moja. Alichokumbuka ni kwamba yule mama alimwekea kikapu kiganjani, kisha akavifumba vidole vya Ombui kwa mikono yake yote miwili.

Shariff akainamisha birika. Yalitoka machicha tu.

— Alinipa, Ombui akasema hatimaye. Nikimrudishia ataumia. Hii inabaki kwa meza yangu. Nitampelekea ekee ya bibi yangu Nyamusi, ile kikapu tunawekea ugali. Iende imejaa wimbi.

— Na akiirudisha tupu? Bunge akauliza.

— Hawezi, alisema Ombui. Huyo mama namjua.