Tupo Wote: Maisha ya Dereva wa Njia ya Saba

Mchungaji, wazee wa kanisa, wawakilishi wa halmashauri, wafiwa na waombolezaji wote, nimesimama hapa kwa niaba ya ukoo, mimi mdogo wake marehemu, ambaye wengi mnanifahamu kama mwinjilisti wa kanisa hili, niwasomee habari za kaka yetu tangu siku Bwana alipompa pumzi hadi siku alipoitwaa, nami nitasoma polepole, maana mwishoni mwa karatasi hii lipo neno ambalo yeye mwenyewe aliniagiza, na ninawasihi asiondoke mtu kabla hajalisikia.

Kaka yetu, ambaye ninyi abiria wake mlimwita Tupo Wote, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bohari ya halmashauri, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba yetu, aliyekuwa kibarua wa barabara, na mama yetu, aliyekuwa fundi cherehani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969 na kuimaliza mwaka 1975, akajiunga na sekondari ya kutwa mwaka uliofuata, ambako alisifiwa kwa hesabu na kwa mwandiko, lakini hakufika mwisho, kwa sababu asubuhi ya tarehe 2 Juni 1978 mama yetu alishikwa na maumivu makali ya tumbo, na kwa kuwa hapakuwa na gari la aina yoyote upande wetu wa mji, kaka na baba walimlaza juu ya mkokoteni wa kubebea saruji, wakamsukuma kilomita kumi na moja, na walipofika langoni mwa hospitali nesi aliushika mkono wa mama, akautazama uso wake, kisha akaurudisha mkono ule taratibu chini ya shuka. Kaka alikuwa na miaka kumi na sita. Safari ile hakuisimulia, ila mara moja tu aliniambia kwamba magurudumu yalikuwa yanalia njia nzima, na mama alikuwa anawaomba radhi kwa kuwasumbua.

Maandiko yanatupa habari za mgonjwa aliyelala kando ya birika miaka thelathini na minane, na tukisoma vizuri tutaona kwamba mtu yule hakukosa maji ya kumponya, maji yalikuwa mbele ya macho yake, alichokosa ni mtu wa kumfikisha. Kaka yetu alilielewa neno hilo akiwa kijana, tena bila kuhubiriwa, na maisha yake yote yaliyofuata yalikuwa jibu lake kwa mgonjwa yule.

Tarehe 3 Agosti 1981 aliajiriwa katika gereji ya halmashauri kama muosha magari, akajifunza ufundi kwa kutazama, akapata leseni mwaka 1984, akakabidhiwa lori la taka, ambalo aliliendesha miaka tisa, na alipenda kusema kwamba hajapata abiria watulivu kama wale, hawagombei dirisha wala hawaulizi tutafika lini. Katika kipindi hicho ndipo alipoonekana mara kwa mara katika stoo ya gereji akiomba balbu ya taa ya mbele, na wiki moja alipoomba balbu ya nne, binti aliyekuwa karani wa stoo alimwuliza, "Kaka, hilo lori lako lina macho mangapi?" Binti huyo ndiye shemeji yetu mpendwa, aliyeketi hapa mbele yenu leo katika vazi la ujane, aliyefunga naye ndoa takatifu tarehe 19 Desemba 1987, na Bwana akawajalia watoto wanne, mmoja alitangulia akiwa na miezi mitano, na watatu wapo hai, mwalimu, fundi umeme na mkunga, pamoja na wajukuu saba.

Tarehe 5 Julai 1993 halmashauri ilianzisha basi la huduma la Njia ya Saba, kwa ajili ya wazee, wagonjwa na wote wasioweza kutembea hadi barabara kuu, likitoka kituo cha mwisho kule mlimani, likipita sokoni na kliniki, kisha likirudi saa nane mchana, na kaka akapewa usukani wake. Mliopanda mnakumbuka utaratibu wake, kwamba katika kila kituo alizima injini, akageuka mwili mzima, maana alisema kioo hakionyeshi asiyekuwepo, akauliza, "Tupo wote?" nanyi mkawajibia wasioonekana, kwamba bibi anafunga mlango, kwamba mshona viatu amekwenda kwa mwanawe, na pale ambapo hakuna aliyejua habari za mtu, kaka alishuka, akaenda kumgongea. Ndivyo alivyomkuta yule seremala mstaafu mwaka 2009, ameanguka jikoni tangu jana yake, akiwa hai bado. Wapo waliomlalamikia kwamba anachelewesha safari, na barua za onyo alipata mbili, akazipokea kwa heshima, na kesho yake akazima injini vilevile, kwa sababu mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa naye bila shaka alichelewa kurudi nyumbani.

Sasa ninafika mahali pagumu, na ningeweza kuparuka, lakini mtu anayesimama mbele ya jeneza akificha kweli anamdanganya nani?

Mwezi Machi mwaka 2018 kaka aliumwa mgongo, naye hakuwa na mtu wa kumpokea zamu, na Jumapili ya tarehe 4, baada ya ibada, mimi nilisimama kwenye madhabahu hii nikatangaza kwamba dereva wetu ni mgonjwa na anajikaza, kwa hiyo yeyote mwenye safari inayoweza kungoja, wiki hii amwonee huruma. Nanyi mlinisikia, tena mlinisikia kupita nilivyosema, kwa maana mlikubaliana wenyewe mlango kwa mlango kwamba asipande mtu, hata Bibi wa Kituo cha Mwisho, ambaye wengi wenu mlimjua kwa kisukari chake na kwa ulimi wake usiosamehe, alisogeza siku yake ya kliniki, na kaka alipopiga honi Jumatatu, alimwona akichungulia pazia na kumpungia mkono, "Pita, baba, pita ukapumzike."

Hatukujua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa wiki ya kuhesabu. Karani wa halmashauri alikaa kiti cha mbele siku zote tano, akiwa na fomu, ili ijulikane kama Njia ya Saba bado inahitajika, na madereva walikuwa wametia sahihi kwamba hawatawaambia abiria, hesabu isije ikachakachuliwa. Kaka alijua, na alikuwa ametia sahihi, akanyamaza. Siku tano, abiria watatu. Alirudi nyumbani Ijumaa, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akamwambia mkewe, "Wamenionea huruma, mama watoto. Wamenionea huruma hadi wamenimaliza." Kisha akamkataza asiniambie mimi, kwa kuwa nikijua, sitapanda tena madhabahuni.

Njia ya Saba ilifungwa tarehe 30 Juni 2018. Waheshimiwa wa halmashauri mlioketi safu ya pili, siwashtaki siku ya msiba, mlihesabu mlichokiona, lakini mtaulizwa, kama mimi nitakavyoulizwa, juu ya wale ambao hamkuwaona, kwa sababu mliwahesabu waliopanda na hamkugonga mlango hata mmoja. Bibi wa Kituo cha Mwisho alikosa kliniki mara tano mfululizo, akakatwa mguu mwaka 2019, na mwaka uliofuata tulimzika. Kaka alihamishiwa kwenye gari la maji hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2022, na tangu siku njia ilipofungwa hakukosa mkutano hata mmoja wa wazi wa baraza la halmashauri, alikaa kiti kilekile karibu na mlango, akiwa na shati la kazi lililopigwa pasi, akisimama kila mara kuomba mambo mawili tu, njia irudi, na wiki ya kuhesabu itangazwe hadharani. Walimsikia kama yule hakimu alivyomsikia mjane, kwa kuchoshwa naye. Njia ya Saba imerudi tangu tarehe 6 Oktoba mwaka huu, kwa majaribio ya miezi mitatu, na wiki ya kuhesabu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, ambao husomwa zaidi na mijusi.

Mapafu yake yalianza kudhoofika mwaka 2023, madaktari wakaeleza kwamba ni vumbi la miaka mingi, akawa anakwenda kliniki kila mwezi kwa kubebwa na pikipiki ya mwanawe, akilazimika kupumzika njiani mara mbili, na tarehe 27 Oktoba alilazwa. Jumanne iliyopita mchana nilikuwa naye wodini, ndipo aliponieleza yote niliyowasomea, kwa sauti ndogo, akipumzika kati ya neno na neno, nami nililia kama Petro baada ya jogoo, nikamwambia anisamehe, akasema alikwisha kusamehe tangu Ijumaa ile, hilo silo aliloniitia nije kulisikia. Akasema, "Naona ninakufa vibaya. Nikienda wiki hii, wiki ijayo mtakaa nyumbani mkinililia, na basi litapita tupu." Nikamwuliza anataka nifanye nini. Akanitazama kama anavyotazamwa mdogo mtu. "Wewe ndiye uliyetangaza," akasema. "Tangaza tena."

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka sitini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi namba nne kwa uvumilivu wao, majirani waliopika, waliochota maji na waliolala sakafuni pamoja na shemeji, mafundi na madereva wa gereji waliolisafisha basi hili kwa mikono yao ili limlete hapa, pamoja na halmashauri kwa kukubali limbebe, na kanisa kwa maombi. Ambao hatukuwataja, Bwana amewaandika.

Na sasa ninatangaza. Wiki ya kuhesabu ni keshokutwa Jumatatu, tarehe 10, hadi Ijumaa, na basi litatoka kituo cha mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simwambii asiye na safari apande, huo ungekuwa ushahidi wa uongo, naye kaka angeuchukia, lakini mwenye kliniki aende kliniki, mwenye soko aende soko, na asiwepo mtu atakayechungulia pazia na kupunga mkono kwa sababu ya msiba. Shemeji ameniagiza niseme kwamba hataki kumwona mtu wa Njia ya Saba uani kwake asubuhi hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe hatakuwepo, ana tarehe ya kliniki ya shinikizo la damu, na atakaa kiti cha nyuma ya dereva. Dereva mpya ni kijana wa watu, amekwisha kufundishwa kuzima injini na kugeuka. Atakapouliza, mjibuni.

Kaka, mzigo wako tumeupokea, geuka ulale. Pumzika kwa amani.