Ndoto Iliyong'olewa

Gari la Bukoba lilikuwa limetoka tu Muleba pale Kamala alipoiona picha mapajani mwa binti aliyeketi naye: mzee kando ya geti la chuma. Alikuwa Evarist, mwenzake wa ujanani. Akaichukua bila kuomba.

“Unamfahamu, baba?” aliuliza binti, Nuriat, mpiga picha. “Ni mmoja wa wale waliokuwa vijana wa rasta wa Ijuganyondo, waliounganisha vibanja vyao, mashamba yao ya kahawa, wakaishi bila bosi. Maonyesho ya picha zangu ni jioni hii. Nimeyaita ‘Ndoto Iliyojifia’.”

“Iliyojifia? Kwa malaria?”

Abiria waliosinzia waliamka. Ugomvi wa watu hauongezi nauli.

“Tuling'oa emilamula, miti yetu ya mpaka, kwa mikono hii,” alisema Kamala. “Kahawa ilipopanda bei, mmoja wetu akaipanda tena miti hiyo mpakani kwake, mstari mzima. Mimi huyo! Evarist na wengine walinifuata tu.”

“Mimi niliambiwa mlichoka.”

“Nani alichoka? Nilitaka kahawa yangu peke yangu. Nipige picha kando ya miti hiyo, uandike jina langu.”

“Baba, picha zangu hazihukumu mtu.”

“Basi kapige za harusi.”

Mama mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

“Fremu zimekwisha,” Nuriat alisema. “Na sijakubali.”

“Nimekusikia, mwanangu.”

Gari liliposimama stendi, Nuriat alinyoosha mkono apewe picha yake. Kamala alikuwa ameshashuka nayo, anaita bodaboda mbili za Ijuganyondo.